Taarifa Zilifika, Uamuzi Haukufika

Novemba 2025, jopo la raia mahakamani huko Newport News, jimbo la Virginia nchini Marekani, liliamua kwamba mwalimu aliyepigwa risasi na mwanafunzi wake darasani alipwe fidia ya dola milioni 10. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 6. Tukio lilitokea Januari 6, 2023 katika shule ya msingi ya Richneck, na mdaiwa katika kesi hiyo alikuwa naibu mwalimu mkuu wa wakati huo, ambaye siku ile alionywa zaidi ya mara moja kwamba huenda mtoto huyo ana bastola, naye hakuchukua hatua. Tangu hukumu itoke, inasimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaoiona kuwa habari ya kiongozi mmoja mzembe aliyevuna alichopanda. Wapo wanaoiona kuwa ushahidi kwamba kila lango la shule linahitaji mashine ya kugundua chuma. Kwa maoni yangu masimulizi yote mawili yanaruka jambo lililo wazi kabisa katika ushahidi uliotolewa: wafanyakazi wa shule waliona, na walisema. Kilichokosekana ni njia iliyozoeleka ya kuitoa taarifa kwenye kinywa cha mtu mmoja na kuifanya kuwa uamuzi. Maandalizi ya walimu na watumishi wengine yangeanzia hapo. Kwa sasa, karibu kila mahali, yanaanzia kwenye dakika ya mlio wa risasi au kisu kilichokwisha kuchomolewa.

Tazama mtiririko wa siku ile. Watoto walimwambia mtu mzima kwamba mwenzao amekuja na bunduki. Mwalimu mmoja aliupekua mkoba wakati wa mapumziko, hakukuta kitu. Taarifa nyingine ikaja kwamba silaha huenda iko mfukoni. Mshauri wa wanafunzi akaomba ruhusa ya kumpekua mtoto mwenyewe, akaambiwa asubiri, mama yake atakuja kumchukua muda si mrefu. Kila mmoja alifanya kipande chake, kila mmoja akaamini kwamba kipande kilichobaki ni cha mkubwa wake. Na hapa ndipo panaponishangaza zaidi: hii ni Virginia, jimbo ambako Profesa Dewey Cornell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walibuni mwaka 2001 utaratibu wa shule kutathmini vitisho vya wanafunzi, na ambako tangu 2013 sheria inaitaka kila shule ya umma kuwa na timu ya kazi hiyo. Ukitafuta mahali ambapo karatasi zote zilikuwa tayari, ni hapo. Sheria ilikuwepo, mwongozo ulikuwepo, na mtoto wa darasa la kwanza alirudi darasani na bastola.

Mtu anaweza kusema hilo ni tukio moja la ajabu. Basi tuangalie shule ya sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan. Novemba 29, 2021, mwalimu alimwona mwanafunzi akitafuta risasi kwenye simu, akatoa taarifa. Kesho yake asubuhi mwalimu mwingine alikuta michoro ya bunduki na damu pamoja na maneno ya kukata tamaa kwenye karatasi ya hesabu, naye akatoa taarifa. Wazazi waliitwa, wakakaa na viongozi wa shule, wakakataa kuondoka na kijana wao. Mkoba wake uliletwa ofisini. Haukupekuliwa. Alirudi darasani, na muda mfupi baadaye wanafunzi wanne waliuawa. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wilaya ile ya elimu ilikuwa na sera ya kutathmini vitisho, ila watu waliopaswa kuitekeleza hawakuwa wameandaliwa ipasavyo. Walimu wawili wa kawaida, katika siku mbili, walifanya kile ambacho mafunzo yoyote yangewataka wafanye. Taarifa ikafia mezani kwa waliofuata.

Matukio haya mawili yanaendana na yale ambayo utafiti umekuwa ukisema kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2002 kikosi cha Secret Service, kilekile kinachomlinda rais wa Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, vilichapisha uchambuzi wa mashambulizi 37 ya shuleni yaliyofanywa na vijana 41 kati ya 1974 na 2000. Hawakupata sura moja ya "mwanafunzi hatari": walikuwemo wapweke na wenye marafiki tele, waliofeli na waliokuwa wakiongoza darasa. Walichokipata ni kwamba mashambulizi hayo kwa kawaida hayakuzuka ghafla, na katika asilimia 81 ya matukio kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua kabla kwamba mshambuliaji ana jambo analolifikiria au kulipanga. Mara nyingi mtu huyo alikuwa rika lake. Mwaka 2021 kikosi hicho kilitoa uchambuzi wa upande wa pili wa shilingi, njama 67 zilizozuiwa kati ya 2006 na 2018, na nyingi zilizuiwa kwa sababu mtu fulani, hasa mwanafunzi mwenzake, aliamua kusema. Kwa nini mmoja anasema na mwingine ananyamaza? Uchunguzi mdogo wa mwaka 2008 uliohoji vijana waliokuwa na taarifa za mapema uliona kwamba hali ya shule ilikuwa na uzito mkubwa: kama mtoto anaamini mtu mzima atamsikiliza bila kumgeuzia kibao, atakwenda.

Kwa hiyo "kumwandaa mwalimu" kunahusu kwanza jambo ambalo halifanani kabisa na usalama kama tulivyozoea kuuona. Kunahusu namna anavyojibu siku ya kawaida mtoto anapomwambia kitu kisichompendeza. Vurugu nyingi za shuleni hazifiki kwenye magazeti. UNESCO katika ripoti yake ya 2019 ilikadiria kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wamepigana ndani ya mwaka. Hayo ni makofi ya ukorido, kunyang'anyana, vitisho vya chooni, picha za aibu zinazosambazwa kwenye simu. Mwalimu anayesema "acheni mambo ya kitoto" mbele ya mambo hayo anawafundisha watoto mia mbili kwa mpigo kwamba taarifa hazina pa kwenda. Akisikiliza, akafuatilia, na siku ya tatu akamrudia aliyelalamika kumwuliza hali ikoje, anajenga njia ileile ambayo siku moja itapitishwa taarifa nzito zaidi. Ndiyo maana siamini katika mafunzo yanayotenga "uonevu" kama mada ya washauri na "shambulio" kama mada ya polisi. Kwa watu wanaofanya kazi shuleni, hivyo ni kitu kimoja katika viwango tofauti vya joto.

Norway walipita njia hii mapema. Baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa 1982, huku uonevu ukitajwa kuwa chanzo kinachowezekana zaidi, serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa mwaka uliofuata. Mtafiti Dan Olweus aliyefuatilia shule za Bergen aliripoti kwamba uonevu ulipungua kwa takriban nusu. Katika eneo la Rogaland, ambako shule zilipata msaada mdogo zaidi wa karibu, matokeo hayakuwa mazuri hivyo. Tofauti hiyo huwa haitajwi sana kwenye makongamano, nami naiona kuwa sehemu yenye mafunzo kuliko zote. Vitabu vilifika kote. Kilichotofautiana kwa kiasi kikubwa ni kama kulikuwa na watu wa kuzisindikiza shule katika kuvitumia. Aliyewahi kukaa kwenye semina ya siku moja, yenye chai saa nne na vyeti saa tisa, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Wanaotetea mazoezi ya dharura wana hoja, na si ndogo. Kinga haiwezi kunasa kila kitu, na tukio likianza, polisi huwa bado hawajafika. Hata wakifika, mambo huenda yasiende kama inavyodhaniwa: huko Uvalde, Texas, Mei 24, 2022, maofisa 376 walifika katika shule ya msingi ambamo watoto 19 na walimu wawili waliuawa, na dakika 77 zilipita kabla mshambuliaji hajakabiliwa na kuuawa. Utafiti wa 2002 nao ulionyesha kwamba mashambulizi mengi yalikoma kwa njia nyingine kabla ya polisi kuingilia kati. Kwa hiyo dakika za kwanza ni za wafanyakazi wa shule, wapende wasipende. Mwalimu ajue kufunga mlango wa darasa lake kutoka ndani, ajue watoto waende upande gani, ajue kukandamiza jeraha linalovuja damu, na mtu fulani ajue kuhesabu nani yuko na nani hayupo. Haya hufundishika kwa utulivu, na yanasaidia pia siku ya moto au tetemeko. Ubaya unaanza pale mazoezi yanapogeuka maigizo ya kutisha. Mapema mwaka 2019 ilifahamika kwamba huko Monticello, jimbo la Indiana, walimu wa shule ya msingi walipigishwa magoti wakielekea ukutani, wachache kwa zamu, wakafyatuliwa risasi za plastiki na maofisa wa usalama kama sehemu ya mafunzo. Baadhi walitoka na michubuko. Mwaka uliofuata vyama viwili vikubwa vya walimu vya Marekani vilijiunga na wanaotaka maigizo ya aina hiyo yakome. Sioni mwalimu alijifunza nini pale ukutani ambacho kingemsaidia kujua la kufanya na mchoro aliouona kwenye daftari la hesabu.

Upande wa mashine siukatai moja kwa moja pia. Lango lenye ukaguzi linaweza kunasa kisu, na mahali ambapo silaha zinaingia shuleni kila wiki ni upumbavu kulipuuza. Lakini tukumbuke mji wa Nogent, Ufaransa, Juni 10, 2025. Msaidizi wa shule mwenye umri wa miaka 31 alichomwa kisu na kuuawa na mwanafunzi wa miaka 14 langoni, wakati mikoba ikikaguliwa, askari wakiwepo. Mara baada ya hapo mjadala wa kitaifa ukaelekea kwenye mashine za kugundua chuma, uuzaji wa visu kwa watoto na mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 15. Huenda kila moja ina nafasi yake. Ila mtu aliyekufa alikuwa mfanyakazi wa daraja la chini kabisa katika shule za nchi ile, wale wanaosimama langoni, ukoridoni na uwanjani, ambao mara nyingi ni vijana wenye mikataba ya muda na mafunzo haba. Watu hao, pamoja na mlinzi, matroni wa bweni, mpishi na dereva wa basi, ndio wanaoona watoto wakiwa hawajavaa sura ya darasani. Karibu kila ratiba ya mafunzo ninayoijua huwasahau. Dereva anajua nani ameacha kukaa na nani kitini wiki hii. Nani anamwuliza dereva?

Kuna pingamizi lingine ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi kuliko yote: kwamba ukiwafundisha watumishi kuripoti kila dalili, utazalisha shule ya kushukiana. Hofu hii ina msingi. Kaunti ya Pasco, Florida, iligundulika mwaka 2020 kwamba ofisi ya polisi wake ilikuwa ikitumia alama za darasani, mahudhurio na kumbukumbu za manyanyaso ya nyumbani kutengeneza orodha ya siri ya wanafunzi wanaoweza kuwa wahalifu, bila wazazi kujua. Hivyo ndivyo kinga inavyoharibika inapomwacha mtoto na kuanza kukusanya takwimu zake. Na wanaoangukia kwenye wavu huwa walewale: maskini, wageni, wenye ulemavu, wasio na mzazi wa kupiga kelele. Jibu ninaloliona la kuridhisha, japo si kamili, limo ndani ya utaratibu wa Virginia wenyewe unapofuatwa kwa dhati. Jaribio lake la awali lilihusisha vitisho 188 katika shule 35. Takriban asilimia 70 ya vitisho hivyo viliamuliwa kuwa vya muda tu, maneno ya hasira yaliyomalizwa kwa mazungumzo, maelezo na kuombana radhi. Timu iliyofunzwa kutofautisha hasira na nia inawarudisha watoto wengi darasani haraka. Timu isiyofunzwa inawafukuza, au inawaacha wote bila kuangalia.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayopendwa kuliko zote, ni ile ya mkono wa chuma: watoto wamekosa adabu, rudisheni fimbo, fukuzeni wakorofi, walimu watakuwa salama. Imejaribiwa. Marekani ilipitisha mwaka 1994 sheria ya kumfukuza kwa mwaka mzima anayeleta bunduki shuleni, na shule nyingi zikaitanua roho ya sheria hiyo mpaka kwenye makosa madogomadogo. Jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lililopitia ushahidi na kuchapisha ripoti yake mwaka 2008 halikuona kwamba sera hizo zilizifanya shule kuwa salama zaidi. Inaeleweka kwa nini. Mwanafunzi aliyefukuzwa hajatoweka duniani, amepoteza tu watu wazima waliokuwa wakimwona kila siku, na mwenzake aliyetaka kusema anajua sasa kwamba kusema ni kumharibia rafiki maisha. Anafunga mdomo. Kuhusu fimbo, ushahidi mzuri unatoka Uganda. Katika wilaya ya Luwero shule za msingi 42 zilishiriki jaribio la programu ya shirika la Raising Voices, iliyofanya kazi na walimu, wanafunzi na viongozi wa shule kwa miezi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye programu, dhidi ya 49 katika zisizo nayo. Alama za mitihani ya kupima hazikushuka. Mtu mzima anayemaliza ubishi kwa kupiga hana uso wa kumwambia mvulana wa kidato cha pili asimalize wake kwa kupiga, na watoto huliona hilo kabla hajamaliza sentensi.

Linabaki lalamiko la walimu wenyewe: tumeajiriwa kufundisha jiografia, sasa tuwe wapelelezi, wanasaikolojia na wauguzi? Wana haki. Ukisoma miongozo mingi unaona mwalimu anaongezewa wajibu wa kumi na moja bila kupunguziwa hata mmoja. Jibu la kweli ni kwamba wengi wao hawahitaji kujua mengi. Mwalimu wa somo anahitaji kujua mambo machache kwa uhakika: apeleke taarifa kwa nani kwa jina, nani anashika nafasi yake akiwa hayupo, atajibiwa ndani ya muda gani, na afanye nini asipojibiwa. Anahitaji pia ustadi wa kutuliza ugomvi unaochemka: kushusha sauti wakati mwanafunzi anapandisha, kuwaondoa watazamaji kabla ya kumgusa mhusika, kusimama pembeni bila kumzibia mlango, kumpa njia ya kutoka bila kuaibika mbele ya wenzake, kumtuma mtu aite msaada mapema kabla hajauhitaji. Hayo hayapatikani kwa slaidi. Yanapatikana kwa kuigiza hali hizo na wenzako mara kadhaa kwa mwaka, mkakosea, mkachekana, mkarudia. Mzigo mzito, wa kupima na kuamua, ubebwe na kikundi kidogo chenye kiongozi wa shule, mshauri wa wanafunzi na mtu wa usalama, na kikundi hicho kipewe muda ndani ya ratiba. Kikundi kinachokutana "nafasi ikipatikana" hakikutani.

Na kikundi hicho kifanyiwe mazoezi yake, ambayo hayana kelele wala risasi za plastiki. Wakae mezani, mtu awasomee: saa nne asubuhi, watoto wawili wamesema hivi, mkoba umepekuliwa hakuna kitu, mkuu wa shule yuko kwenye mkutano mjini, mzazi hapokei simu. Mnafanya nini sasa, na nani anaamua? Saa moja ya zoezi kama hilo ingeanika udhaifu wote uliojitokeza Richneck na Oxford. Ingeanika hasa suala la mamlaka: je, mshauri wa wanafunzi anaruhusiwa kupekua bila kumngoja mkubwa wake? Kama sivyo, mkubwa asipofanya chochote, nani anaweza kumruka na kupiga simu kwa polisi bila kupoteza kazi? Shule nyingi hazina jibu lililoandikwa, na zilizo nalo hazijalijaribu. Zoezi hilohilo liendelee hadi siku za baadaye: aliyesimamishwa anarudi lini na kwa masharti gani, aliyepigwa anakaa wapi darasani mwake, na mwalimu aliyeingilia kati anapumzishwa na nani.

Hapa ndipo wasiwasi wangu kuhusu hukumu ya Newport News unapokaa. Mwathirika alistahili haki yake, sina ubishi na hilo. Lakini dola milioni 10 zinasikika vizuri sana katika masikio ya wanasheria na kampuni za bima, na hao ndio watakaonunua awamu ijayo ya mafunzo. Watakachotaka ni ushahidi kwamba kila mtumishi aliambiwa: saini, vyeti, fomu ya kujazwa kila dalili inapoonekana. Kila mwalimu atapeleka kila kitu juu ili asije akalaumiwa, ofisi ya naibu itafurika fomu za watoto waliochora upanga, na siku taarifa ya kweli itakapokuja itakuwa chini ya rundo. Kwa mwalimu mkuu mwenye fedha kidogo mwaka huu, na mtu mlangoni anayemuuzia kamera zaidi, ningependekeza aanze na kitu kisichouzwa: kuondoa vipindi viwili kwa wiki kwenye ratiba za watu watatu, na kubandika majina yao pale ambapo mpishi na dereva wa basi wanaweza kuyasoma.